Safari ya Matema na Uwanja wa Mtaa Wetu

Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, leo twapenda kuwapeleka Kyela, nchi iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako Mwenyezi Mungu ametujaalia kuishi na kusomesha watoto kwa miaka mingi. Hatukukusudia kuisifu nchi yetu tu, ijapokuwa yastahiki sifa. Tunayo khabari ya uwanja mdogo wa mtaa wetu, na kosa tulilolifanya sisi wazee juu ya uwanja huo, na jinsi safari ya siku moja kwenda Matema ilivyotuonyesha njia ya kulitengeneza. Twaieleza kwa kuwa twaamini kwamba ni michache mitaa isiyo na kiwanja kama hicho, na isiyo na wazee kama sisi.

Mwenye kutoka Mbeya kuja kwetu hupita Tukuyu, penye baridi, migomba na mashamba ya chai, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ukabaki nyuma yake. Kisha barabara huanza kuteremka, ikazunguka kilima baada ya kilima, hata abiria wakavua makoti yao mmoja mmoja ndani ya gari. Mwisho wa mteremko huo ndiko Kyela: nchi tambarare, ya joto na maji, yenye mashamba ya mpunga unaojulikana Tanzania nzima kwa harufu yake, na mikokoa, na miembe mikubwa, na migomba, na michikichi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya hii watu 221,490. Mbele yake ndilo Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa katika Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 700. Na upande wa mashariki Milima ya Livingstone husimama kama ukuta, miguu yake ikiwa majini.

Baraka ya nchi yetu ni maji, na taabu yake pia ni maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani kwa nguvu, na ikifika penye tambarare haina tena haraka. Hujitawanya, hubwaga mchanga, na mara nyingine huacha njia yake ya zamani ikachimba mpya. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, nao una tabia hiyo hiyo ya kuhama, hata serikali mbili zimelazimika kukaa pamoja na kushauriana namna ya kuutuliza. Mvua za masika zinaposhika, khasa mwezi wa Aprili, hakuna asiyejua kwamba nyumba ya fulani itaingia maji. Kwa hiyo, katika nchi ya namna hii, jambo la kwanza ambalo mtu yampasa kulijua kabla ya kuchimba hata shimo la kupandia mti ni njia ya maji. Na hilo ndilo tulilolisahau.

Karibu na madrasa yetu pana uwanja mtupu, usiozidi hatua 80 kwa hatua 50, wenye mwembe mmoja mkubwa upande wa juu. Asubuhi wanawake huuza maandazi na vitumbua chini ya mwembe huo. Mchana mbuzi hupumzika. Alasiri wavulana hucheza mpira na wasichana hucheza rede, na magharibi inapokaribia vijana wakubwa hukaa juu ya mizizi wakizungumza. Sisi wazee tulikuwa na malalamiko mengi juu ya uwanja huo: kelele wakati wa darasa, taka zilizotupwa ovyo, mpira kupiga bati la madrasa, na vijana kukaa mpaka usiku mwingi. Basi siku moja tukakusanyika baada ya swala ya Alasiri, tukaazimia kuugeuza uwe bustani. Tukachora katika karatasi ya daftari: ukuta mfupi wa matofali pande tatu, maua kando ya ukuta, viti vya saruji kuuzunguka mwembe, na mlango wenye kufuli. Mpira ukakatazwa. Twakiri kwamba tuliufurahia sana mchoro wetu. Katika kikao kile hapakuwa na mtu mwenye umri chini ya miaka arobaini, wala hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Vijana tuliwaita baadaye, nao tuliwaita ili wabebe mchanga na matofali.

Walibeba, kwani ni watoto wenye adabu. Ukuta ukasimama kabla ya masika. Mvua iliposhika ikanyesha siku tatu mfululizo, na maji ambayo tangu zamani yalikuwa yakipita kona ya chini ya uwanja na kuteremkia mtaroni yakaukuta ukuta wetu. Yakarudi nyuma. Yakaingia nyumba mbili za jirani, na moja ilikuwa ya mjane, kisha yakaingia madrasa. Tulipofungua mlango alfajiri tulikuta mikeka inaelea na juzuu za watoto zimelowa. Misahafu ilikuwa katika rafu ya juu, nayo, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, haikuguswa.

Tulikuwa tukizianika zile juzuu kwenye kamba, ukurasa kwa ukurasa, ndipo mwanafunzi wetu mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, akasema kwa upole: "Maalim, maji siku zote hupita pale konani. Sisi twapajua, kwa sababu mpira ukienda kule hurudi na tope hata wakati wa kiangazi." Tukamwuliza mbona hakusema tulipokuwa tukijenga. Akainamisha macho, akajibu: "Hamkutuuliza, Maalim."

Ndugu msomaji, neno hilo lilitukaa moyoni kuliko hasara ya matofali. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha mtoto yule kwamba si adabu mdogo kuingilia maneno ya wakubwa, naye alilishika somo vizuri. Aliona wakubwa wanakosea, akanyamaza kwa heshima, akabeba mchanga. Haki ya adabu yake ilikuwa sisi tumfungulie mlango wa kusema, nasi hatukuufungua. Siku ile ile tuliubomoa ukuta pale konani, tukamwomba radhi yule mama mjane na jirani yake, tukawatolea walichopungukiwa. Lakini uwanja ukabaki nusu bustani na nusu gofu, na hakuna aliyeupenda.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha, tukanuia kufanya safari na vijana wetu mpaka Matema, ili watazame ufuo jinsi Mwenyezi Mungu alivyoupamba, nasi tupate kuzungumza nao nje ya kuta za madrasa, ambamo wamezoea kusikiliza tu. Tulichukua vijana kumi na saba, wavulana na wasichana, pamoja na mama zao wawili wa kuwaangalia wasichana. Tulichagua siku ya Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ya mnada wa vyungu. Tukashika njia ya Kikusya, tukapita Ipinda, ambako mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Barabara hiyo siku hizi ina lami, na tulifika mapema, kabla ya jua kuwa kali.

Matema ni mahali ambapo milima na ziwa hukutana. Mchanga ni mweupe na maji ni safi, na mtu akitazama mashariki huona milima imeinuka ghafla hata hushangaa ni nani awezaye kulima kule juu. Kutoka kijiji cha Ikombe, kilicho chini ya milima hiyo, wanawake wa Kikisi huja kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, na mitumbwi yao imejaa vyungu. Vyungu vya Wakisi ni vyepesi na vyembamba, vimefinyangwa kwa mkono na kusuguliwa kwa jiwe mpaka vikang'aa, na hufika masoko ya mbali. Mmoja wa wasichana wetu alikishika chungu, akakigeuzageuza, akamwuliza mama mfinyanzi ajuaje kwamba ukubwa wa mdomo unafaa. Yule mama akamjibu: "Mwanangu, mimi humwuliza atakayechota kwacho. Mkono wake ukikwama, chungu changu hakina faida, hata kikiwa kizuri." Tukatazamana na wale mama wawili tuliokuja nao, wala hatukusema neno. Jibu lile lilitutosha.

Baada ya swala ya Adhuhuri tukakaa kivulini ufuoni, tukawaambia vijana: "Mchanga huu ni mpana. Uchoreni uwanja wetu kama mnavyoujua, kisha uchoreni kama mnavyoutaka." Kwanza waliona haya. Wakatutazama kama wanaotegwa. Kisha yule mtoto wa konani akaokota kijiti, akachora mwembe, akachora madrasa, akachora mstari wa maji kutoka juu mpaka mtaroni. Na hapo ndipo wote wakashika vijiti. Wavulana wakauchora uwanja wa mpira, nao ukameza eneo lote. Msichana mmoja akauliza: "Na sisi tutakaa wapi?" Mvulana akamjibu kwamba watakaa pembeni watazame. Yule msichana akasema: "Pembeni ni njia ya bombani. Kila siku twapita hapo na ndoo kichwani, na kila siku mpira hutupiga." Wavulana wakanyamaza. Ni jambo waliloliona kila siku, wala hawakupata kulifikiri.

Mzungumzo ule uliendelea mpaka karibu na Alasiri, nasi tukajifunza mambo ambayo kwa miaka mingi hatukuyajua juu ya mahali tunapopita mara tano kwa siku. Tulijifunza kwamba wasichana hawakai upande wa nyuma ya madrasa kwa sababu hawaonekani kutoka barabarani, nao huogopa. Tulijifunza kwamba vijana wakubwa hukaa pale mpaka usiku kwa sababu ndipo mahali pekee penye mwanga wa taa ya dukani, na wawili kati yao husoma masomo ya shule chini ya taa hiyo. Nasi tulikuwa tukiwafukuza tukidhani ni wavivu!

Wakati vijana wakibishana, mzee mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa akishona nyavu alisogea, akaitazama ile michoro ya mchangani, akacheka. Akasema kwamba babu zake wasingaliona ajabu, kwani katika nchi hii watoto walikuwa wakijenga vijiji vyao wenyewe. Na maneno yake ni kweli, tena yameandikwa. Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson, wataalamu wa mambo ya mila, walikaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda pamoja na wenzake wa rika lake kujenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha wazee. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka nyumba hii na hii pamoja. Lakini mahali palikuwa pao. Walipanga wenyewe nyumba ikae wapi na njia ipite wapi. Walipokua na kuoa, kijiji kile cha watoto kikawa kijiji cha kweli. Na kila kizazi kilipofika wakati wake, ilifanywa sherehe iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka: wazee wakakabidhi utawala wa nchi kwa vijana, wakasogea pembeni kuwapisha ardhi.

Hatusemi kwamba kila jambo katika mila zile laafikiana na dini yetu. Yamo ambayo Mwislamu hawezi kuyafuata. Wala vijiji vile havipo tena kama vilivyokuwa. Vijana walikwenda kutafuta kazi migodini na mashambani mbali, mazao ya biashara yakaifanya ardhi kuwa na thamani nyingine, na ardhi yenyewe ikawa haba. Lakini mzizi wake ni mwema: kwamba kijana hujifunza kutunza mahali kwa kupewa mahali pa kutunza. Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipita mwisho huu wa ziwa, naye alistaajabia usafi wa vijiji na migomba yake. Yamkini baadhi ya vijiji alivyoviona vilikuwa vimepangwa na kufagiliwa na watoto.

Tuliporudi Kyela tukawaeleza wazee wenzetu yaliyotokea, na mmoja wao, ambaye ni mtu wa kheri na twamheshimu, akasema: "Maalim, tangu lini mtoto akapewa kura juu ya mambo ya wakubwa? Haya ni mambo ya kigeni." Tukamjibu kwa yale tunayoyasomesha kila siku, ambayo huenda tumeyasomesha mno hata tukaacha kuyasikia.

Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, aliamrishwa katika ndoto jambo zito kuliko yote ambayo baba awezaye kuamrishwa. Amri ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, na Ibrahim hakuwa na shaka. Hata hivyo, Qurani katika Suratu Ass'affat, aya ya 102, yatueleza kwamba alimweleza mwanawe ndoto ile, kisha akamtaka atazame aonavyo. Basi ikiwa Nabii amemwuliza kijana rai yake katika jambo lililokwisha amriwa kutoka mbinguni, sisi ni nani hata tusiwaulize watoto wetu juu ya ukuta wa matofali? Na Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akimketisha Abdullahi bin Abbas, naye ni kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badri. Baadhi yao wakanung'unika kwamba wao pia wana watoto wa umri ule. Umar akawauliza wote juu ya maana ya Suratu Annasr, na kijana yule akaieleza maana ambayo wengine hawakuitaja. Manung'uniko yakaisha.

Kisha tukamweleza mzee wetu khabari ya Nairobi, ili ajue kwamba hata katika miji mikubwa watu wamelirudia jambo hili. Katikati ya mji ule ipo bustani iitwayo Jeevanjee Gardens. Aliyeitoa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 ni mfanyabiashara Mwislamu, Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi. Mwaka 1991 ilitakiwa kujengwa humo jengo kubwa la maduka na maegesho ya magari, na mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, akasimama na wananchi wengine wakalipinga, na bustani ikaokoka. Kisha, tangu mwaka 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilianza kuwashirikisha wakazi, khasa vijana, katika kupanga upya viwanja vya miji, na Nairobi, huko Kibera na katika bustani hiyo ya Jeevanjee, ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza. Chombo walichokitumia ni mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambao ndani yake mtu hujenga kwa vitofali vya picha. Kijana asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuweka njia hapa na mti pale, na wakubwa wakaona alichokusudia. Sisi hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na mchanga wa Matema na vijiti. Maana ni moja.

Mzee wetu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi waiteni, lakini nami niwepo." Tukamwambia hilo ndilo tunalolitaka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mtaa mzima ulialikwa uwanjani, naye mwenyekiti wetu akahudhuria. Vijana walikuwa wameupima uwanja kwa kamba na kuuchora ule mpango wao chini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, ili kila mtu atembee ndani yake. Mpira uliwekwa upande wa chini, mbali na bati la madrasa, na uwanja wake ni mdogo kuliko walivyotamani wavulana. Njia ya bombani ilipewa upana wake kando, na miti kati yake na mpira. Wasichana walipata mahali pao karibu na mwembe, panapoonekana kutoka barabarani. Wauza maandazi hawakuondolewa. Wazee tukaachiwa vile viti vyetu vya saruji. Kona ya maji ilichimbwa mfereji wa mawe, na yule mtoto wa konani ndiye aliyeonyesha uanzie wapi. Ikaamuliwa vilevile kwamba adhana ikisikika mpira husimama, na shauri hilo lilitoka kwa wavulana wenyewe. Sisi tulikuwa tumejiandaa kuliamuru. Kumbe halikuhitaji amri.

Lakini tusieleze kana kwamba vijana hawakukosea. Walichagua kupanda miche ishirini mwishoni mwa mvua, ingawa mama mmoja aliwaonya, wakasema wataimwagilia kwa zamu. Mitihani ya shule ikaja, zamu zikasahauliwa, na kiangazi kikaua miche kumi na minne. Hapo baadhi ya wazee wakasema, "Mmeona sasa?" na wakataka kufuli lile la zamani lirudishwe.

Ndipo tukakumbuka vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alielekea kubaki ndani ya Madina, lakini wengi, na miongoni mwao vijana ambao hawakuwahi Badri, walitaka kutoka kuwakabili maadui nje. Akaifuata rai yao. Yaliyotokea Uhud yajulikana: Waislamu walipata msiba mkubwa, na yeye mwenyewe Mtume akajeruhiwa. Mtu angetazamia kwamba baada ya siku ile amri itakuja ya kuacha kuwashauri. Bali aya ya 159 ya Suratu Aali Imran, iliyoteremka baada ya msiba huo, yamwamrisha awasamehe, na awaombee msamaha, na ashauriane nao katika mambo. Shura haikuondolewa kwa sababu ilileta kosa. Tukawaeleza wazee wenzetu hayo, na kufuli halikurudishwa. Vijana walipanda tena mvua zilipoanza, safari hii wakimfuata yule mama aliyewaonya, na kila mche ukapewa jina la mtoto atakayeuangalia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti, kila kinacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Watoto wetu wamelifahamu somo hilo kwa ndoo mkononi kuliko walivyolifahamu kwa kulikariri.

Masika yaliyopita maji yalikuja kama kawaida yake. Yakapita mferejini, yakaenda mtaroni. Nyumba ya mama mjane haikuingia maji. Tulisimama mlangoni mwa madrasa pamoja na wanafunzi tukiyatazama, na hakuna aliyesema kitu isipokuwa yule mtoto, ambaye sasa sauti yake imeanza kuwa nzito, aliyesema, "Yamepita, Maalim."

Limebaki jambo moja ambalo bado latutia wasiwasi, nalo twaliweka mbele yenu ili mlitazame katika mitaa yenu. Uwanja usioandikwa ni rahisi kuchukuliwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Na kiwanja cha wazi kisipoonyeshwa katika mipango ya mji, siku moja huota msingi wa nyumba au duka, na watoto hurudi kuchezea barabarani. Kwa hiyo tumewatuma vijana wenyewe, wakifuatana na mwenyekiti, kuulizia ofisini ni nini kifanyike ili uwanja wetu utambuliwe kuwa wa wote. Wamekwenda mara mbili, na wataendelea kwenda. Jeevanjee Gardens haikuokoka kwa kuwa ilikuwa nzuri. Iliokoka kwa kuwa walikuwapo watu walioiona kuwa yao.

Nasaha zetu, enyi wazazi na walimu, ni chache. Kabla ya kujenga kitu kwa ajili ya vijana, waulizeni wangali hawajabeba tofali. Waulizeni wasichana peke yao na mbele ya mama zao, kwani mbele ya kaka zao hawatasema yote. Wapeni kitu cha kushika, kijiti, kamba au majivu, kwa kuwa wengi husema kwa mikono kabla ya kusema kwa ulimi. Wakikosea, waachieni nafasi ya kutengeneza. Nanyi vijana, mkiona wakubwa wenu wanajenga ukuta katika njia ya maji, semeni kwa adabu, lakini semeni. Kunyamaza mbele ya madhara hakumo katika heshima tuliyokusudia kuwafundisha.

Na yeyote atakayejaaliwa kufika Kyela, na apite kwetu baada ya Alasiri. Atatukuta wazee chini ya mwembe kwenye viti vyetu, na mbele yetu atawaona wenye uwanja wakicheza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusikia kabla ya kuamuru, na awajaalie watoto wetu kuwa watunzaji wema wa ardhi aliyotukabidhi sote. Amin. Wabillahi tawfiq.